Kibangwa cha Msafara na Kibangwa cha Duka

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Msemo huu ni wa sokoni, na sokoni unafaa. Lakini vipo vitu ambavyo havikukusudiwa kuuzwa wala kutembezwa. Ni vile ambavyo mzee huvifunga katika kitambaa akaviweka chini kabisa ya sanduku, na siku zake zinapokaribia kwisha humwita mmoja wa watoto akamwambia, "Hiki utunze." Tangu nilipostaafu ualimu na kutulia hapa Kirumba, vijana wanaokaribia kuoa au kuolewa huja kuniuliza wanunue kipambo gani kitakachodumu mpaka kwa wajukuu. Huuliza habari za dhahabu ya Geita, habari za tanzanaiti, na siku hizi hata za yale mawe ya Wachina yaitwayo jedi. Mimi, kwa kuwa nilikuwa mwalimu wa somo la historia, huanza kuwajibu kwa habari za konokono.

Konokono huyo haishi katika ziwa letu. Huishi katika Bahari ya Hindi, kwenye miamba na mchanga wa maji ya vuguvugu, na kombe lake lina umbo la pia: upande mmoja umechongoka, upande wa pili ni mpana na una msokoto unaozunguka mpaka katikati. Wapo wa jamii hiyo ambao sumu yao huweza kumwua mtu. Watu wa kale walikata ule upande mpana, wakausugua juu ya jiwe mpaka ukawa kisahani cheupe chenye ukubwa wa kutosha kiganjani, kisha wakautoboa ili upitishwe ugwe. Huku kwetu, Unyamwezi na Usukuma, kisahani hicho kikaitwa kibangwa. Kilivaliwa shingoni au kwenye paji la uso, na aghalabu kilikuwa alama ya mtemi, ya mganga mkubwa, au ya mtu aliyekwenda mbali akarudi.

Ndugu msomaji, yafaa tujiulize kwa nini kipande cha kombe kipewe heshima kubwa namna hiyo. Mtoto wa Bagamoyo angeweza kuliokota kombe kama hilo ufukweni bila kulipa hata senti. Jibu ni njia. Kutoka pwani hadi Tabora ni zaidi ya kilometa 800, na misafara ya wapagazi ilichukua yapata miezi mitatu kuikata njia hiyo, kwa kiu, kwa homa, na kwa kulipa hongo kila penye mtawala. Kutoka Tabora kuja ziwani zilikuwa siku nyingine nyingi. Kila hatua ya miguu iliongeza thamani ya kile kisahani, na kwa hiyo aliyekivaa alikuwa amevaa safari nzima kifuani pake.

Thamani hiyo haikuwa ya kwetu peke yetu. Katika makaburi ya kale ya Ingombe Ilede, karibu na mto Zambezi nchini Zambia, yaliyogunduliwa mwaka 1960, vibangwa vilikutwa pamoja na shanga za dhahabu na vitu vya shaba, na waliovaa walikuwa wamelala humo kwa karne kadhaa. David Livingstone, aliyepita kwa mtawala Shinte mwaka 1854, aliandika kwamba katika nchi ile vibangwa viwili vilitosha kumnunua mtumwa, na vitano vilihesabiwa kuwa bei nzuri ya pembe ya ndovu yenye thamani ya pauni kumi. Habari hiyo haifurahishi, lakini ni ya kweli, na mtu anayesifia vipambo vya kale hana budi kuikumbuka. Nao Wayeke wa Katanga, ambao mfalme wao Msiri alitoka Usumbwa, si mbali na huku kwetu, akajenga dola yake kuanzia miaka ya 1850 mpaka alipouawa tarehe 20 Desemba 1891, walikihesabu kisahani hicho miongoni mwa alama za utawala.

Kisha ikaja reli. Mwaka 1901 reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu, na bidhaa za Ulaya zikaanza kuvuka ziwa kwa meli mpaka Mwanza. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912, na tawi lake likafika hapa Mwanza mwaka 1928. Safari ya miezi ikawa ya siku. Hapo kombe lililokuwa adimu likaacha kuwa adimu. Zaidi ya hayo, viwanda vya Ulaya vilikwisha kugundua kwamba Waafrika wanalipenda umbo lile, vikaanza kufinyanga vibangwa bandia kwa udongo mweupe kama ule wa vikombe vya chai, na baadaye kwa selulodi na plastiki. Vilikuwa vyeupe kuliko kombe lenyewe, vya mviringo kamili, na vya bei rahisi. Utawala nao ukabadilika: mwaka 1963, wakati mimi ni mwanafunzi wa shule ya msingi, serikali ya Tanganyika iliondoa kwa sheria mamlaka ya watemi. Vibangwa vingi vikaingia masandukuni. Baadhi ya vifaa vya watemi utaviona leo katika makumbusho ya Bujora, kule Kisesa, yaliyoasisiwa na Padre David Clement kutoka Kanada.

Katika ukoo wetu tulikuwa na vibangwa viwili. Havikuwa vya utemi, maana sisi hatukuwa watemi. Baba wa babu yangu alikuwa mpagazi, na kabla Wajerumani hawajashika nchi alikwenda pwani kwa miguu zaidi ya mara moja. Ilisemekana alirudi na kibangwa. Cha pili kilifika baadaye, na namna kilivyofika kila mmoja alisimulia lake. Vyote viwili vilitunzwa na shangazi yangu mkubwa katika kopo la chai, na watoto wa ukoo tulionyeshwa siku za misiba na za harusi tu.

Mwaka 2009 shangazi alipokuwa na umri wa zaidi ya miaka 80, jambo lilizuka. Mtoto wa binamu yangu alikuwa amepata nafasi chuo kikuu, na fedha zilipungua. Wakati huohuo alikuwapo mtu aliyekuwa akizunguka vijijini kutafuta vitu vya zamani, naye alisema atatoa bei nzuri kwa kibangwa cha kombe, lakini cha udongo hakitaki hata kwa bure. Binamu yangu hakuwa mtu wa tamaa. Alikuwa baba mwenye mtoto mwenye akili na hana ada. Kikao cha ukoo kikaitishwa, nami nikaombwa, kwa kuwa ni mwalimu, niseme kipi ni cha kweli.

Kabla ya kuvigusa, niliwauliza waliokuwapo. Karibu wote walikinyoshea kidole kimoja: kile cheupe, laini, kisicho na ufa. Cha pili kilikuwa kimegeuka rangi kama jino la mzee, ukingo umemeguka, na mviringo wake umepinda kidogo. Niliwaeleza kwamba uzuri si ushahidi, tukaanza kupima mmoja baada ya mwingine.

Nitaeleza tulivyofanya, maana huenda nawe msomaji una kitu kama hicho nyumbani. Kwanza tulitazama kwa macho. Kombe la kweli limekua mwaka hadi mwaka, na kwa hiyo lina mistari myembamba ya ukuaji inayofuata msokoto mpaka katikati, nayo haiwi sawasawa kabisa. Kilichofinyangwa kwa kalibu huonyesha msokoto uliochorwa juu tu. Pili, tuliviinua mbele ya taa: cha kombe kilionyesha matabaka ndani yake, cha pili hakikuonyesha kitu. Tatu, tulitazama tundu. Tundu la zamani hulika upande mmoja kwa sababu ya ugwe uliosugua miaka mingi. Nne, tuliviweka shavuni. Kombe na udongo uliochomwa vyote huwa baridi, lakini plastiki hupata joto mara moja, hivyo tukajua kwamba hakuna cha plastiki. Mwisho kabisa, nilidondosha tone dogo sana la ndimu nyuma ya kila kimoja, pembeni, mahali pasipoonekana. Kombe ni aina ya chokaa, na chokaa ikikutana na ndimu hutoa povu. Udongo uliochomwa haujali ndimu. Nilisafisha kwa maji papo hapo, maana ndimu hula kombe, na jaribio hilo halifai kurudiwa.

Povu lilitoka kwenye kile kilichomeguka. Kile cheupe kilikaa kimya.

Ukumbi nao ulikaa kimya. Binamu yangu aliinama. Alikuwa amepata jibu alilolihitaji, na jibu lenyewe lilimtaka auze kile ambacho baba wa babu yetu alikileta kwa miguu. Lakini aliyesema kwanza alikuwa shangazi. Alikichukua kile cheupe, akakifunika kwa kiganja, akasema: "Hiki baba alikinunua dukani mjini, Waingereza walipokwisha kushika mji. Alikitoa kwa mama yangu siku alipoingia nyumbani kwake. Mama alikivaa hadi anazikwa, nami ndiye niliyemvua. Mwalimu, mwanangu, utaniambia hiki nacho ni cha uongo?"

Nilimjibu kwamba kombe lake si la kweli, lakini ndoa yake ni ya kweli. Sikuwa na jibu lingine, na mpaka leo sina lingine. Niliwakumbusha pia wazee kwamba tangu mwaka 1964 iko sheria ya mambo ya kale inayodhibiti uuzaji na upelekaji nje wa vitu kama hivyo, na mtu anayezunguka vijijini bila kibali hawezi kuwa mnunuzi mwema. Hapo baba yangu mdogo akafunga mjadala. Alisema, "Ng'ombe tukimwuza, mwingine atazaliwa. Hiki tukikiuza, nani atakwenda tena pwani kwa miguu kutuletea kingine?" Ng'ombe wawili wakatolewa, watu wengine wakachanga, na kijana akaenda chuoni. Vibangwa vyote viwili vikarudi katika kopo moja. Safari hii viliandamana na daftari la shule ambamo niliandika, shangazi akisema, ni kipi kilitoka wapi, nani alikileta, nani alikivaa na lini. Shangazi alikwisha fariki. Kopo na daftari viko kwa mjukuu wake wa kike.

Nimelieleza jambo hili kwa kirefu kwa sababu lina jibu la wale vijana wanaokuja kuniuliza. Kipambo cha urithi kina ukweli wa aina mbili. Upo ukweli wa kitu chenyewe, kwamba kombe ni kombe na dhahabu ni dhahabu. Huu hupimwa kwa jicho, kwa mizani na kwa ndimu. Upo pia ukweli wa habari zake, yaani kimetoka wapi na kimepita mikononi mwa nani. Huu haupimwi kwa ndimu. Anayetaka kuachia kizazi chake kitu chema anahitaji vyote viwili. Ukikosa wa kwanza, ipo siku mjukuu wako atafedheheka mbele ya watu. Ukikosa wa pili, amerithi bidhaa tu, na bidhaa huuzwa.

Mataifa makubwa yanalijua jambo hili. Mwaka 1947, karibu nasi hapa Mwadui, Shinyanga, katika mgodi wa Dkt. John Williamson ilipatikana almasi ya rangi ya waridi yenye karati 54.5. Ilitolewa zawadi kwa Binti Mfalme Elizabeth aliyeolewa mwaka uleule, ikakatwa ikabaki karati 23.6, na mwaka 1953 ikatiwa katika bruchi yenye umbo la ua. Malkia huyo alifariki mwaka 2022, na bruchi bado inajulikana kwa jina la Williamson. Almasi za waridi zipo nyingine duniani; hii inatambulikana popote kwa sababu kila hatua yake iliandikwa. Wachina nao, wanaopenda jedi kuliko dhahabu, walimzika mwana wa mfalme Liu Sheng, zaidi ya miaka 2,100 iliyopita, katika vazi la vipande 2,498 vya jiwe hilo, na vazi lilipofukuliwa mwaka 1968 lilikuwa bado lipo. Lakini mnunuzi wa bangili ya jedi leo hana budi kuwa na hadhari kama sisi na vibangwa vyetu, maana jedi hutiwa rangi, hujazwa gundi, na huigizwa kwa kioo. Yapo mawe mawili tofauti yanayoitwa jedi, na hata yakiwa ya kweli yote mawili, bei zake hazifanani.

Basi mchague nini? Wengi huku ziwani watachagua dhahabu, nami siwakatazi. Dhahabu haipati kutu, na ni nzito mno: uzito wake ni zaidi ya mara 19 ya maji ya ujazo uleule, jambo linalomtia aibu mwigaji wa shaba. Nendeni kwa sonara anayejulikana, mwombeni aikwaruze juu ya jiwe lake jeusi na kudondoshea tindikali mbele ya macho yenu, na someni alama iliyogongwa: 750 ni karati 18, yaani robo tatu ni dhahabu, 916 ni karati 22. Tangu mwaka 2019 serikali ilipofungua masoko ya madini, la Geita likiwa miongoni mwa yale ya kwanza, hakuna sababu ya mtu kununua dhahabu gizani. Lakini jueni udhaifu wake. Dhahabu huyeyuka, na ikiisha kuyeyushwa haikumbuki ilikuwa pete ya nani. Katika mwaka wa njaa, pete ya bibi huwa ya kwanza kuingia kalibuni.

Tanzanaiti ni fahari yetu, maana tangu igunduliwe Mererani mwaka 1967 haijapatikana mahali pengine duniani kwa wingi wa kuchimbwa. Ukiizungusha mbele ya mwanga hugeuka kutoka buluu kwenda zambarau, na kioo cha buluu hakifanyi hivyo. Ila si ngumu sana. Vumbi la kawaida lina chembe za mchanga zilizo ngumu kuliko yenyewe, kwa hiyo itafaa kidani cha siku maalumu, na haitafaa pete ya mama anayefua, anayepika na kuparua dagaa kila siku.

Mwenye fedha kidogo asikate tamaa. Kitu kidogo kilicho cha kweli ni bora kuliko kikubwa cha mashaka, na kitu kimoja kisichogawanyika ni bora kuliko mkufu ambao ndugu watagombea pingili zake. Amua mapema nani atakishika, ukaseme mbele ya watu, maana mambo ya urithi yasiyosemwa mwenyewe akiwa hai husemwa kwa ugomvi akiisha kufa.

Na siku hiyohiyo mliyonunua, kabla hata ya kukivaa, andikeni. Bandikeni risiti ndani ya daftari, andikeni uzito, jina la sonara, tarehe, na sababu ya kununua. Acheni kurasa nyingi tupu kwa watakaofuata. Mwuzaji atawapa kitu, nanyi mtakipima mkaridhika nacho. Habari zake hakuna duka linaloziuza. Hizo ni lazima mziweke ninyi wenyewe, taratibu, kadiri mnavyoishi.